Lita Moja ya Kupanda Iveti

Kwako Kioko, mwana wa mama yangu,

Salamu zako zimenifikia, na pole zako pia, zote. Hujambo? Na gari, halijambo? Nauliza kwa sababu barua yako ilianza nalo: betri, matairi, halafu mwisho kabisa kaburi la Mama. Mimi niko hapa Muscat, napiga pasi kanzu za watu kutoka asubuhi. Bosi alikataa kunipa pasipoti nije kuzika. Nilimlilia Mama nikipiga pasi, kanzu moja ikaungua, nikakatwa mshahara.

Unasema ilikuwa bahati mbaya. Wacha hizo! Shangazi Kalekye alikuwa ndani ya gari na amenieleza yote kwa simu.

Hilo gari nilikufundisha mimi. Nilibebea nalo mboga kutoka Kathiani hadi Machakos kabla nije huku. Nilikuambia mshale wa mafuta ulikufa, usiuamini. Nilikuambia ukiwa peke yako lita moja itakuvusha mlima, lakini ukiwa na mzigo tia tatu, maana Iveti haipandwi kwa maombi. Ukacheka. "Dada, ukifika juu unatoa gia, unaweka free, gari linateremka lenyewe mpaka mjini. Mafuta ni ya nini?" Sikio la kufa halisikii dawa, ila safari hii aliyekufa si mwenye sikio.

Mama alianza kuhema vibaya jioni, nikakutumia papo hapo pesa za kujaza tangi umpeleke hospitali mjini. Asubuhi ukatia lita moja. Halafu, eti gari lisiende mjini tupu, ukapakia magunia manne ya avokado nyuma ya kiti alicholala mgonjwa. Aiya, Kioko! Ulipiga hesabu ya mtu mmoja, ukabeba watu watatu na shamba.

Likazima katikati ya mlima. Shangazi anasema ulilitikisa, ukaweka sikio kwa tangi, kisha ukachukua mtungi ukaenda zako. Mama akauliza, "Kioko ameenda wapi?" Akaambiwa umeenda kuleta mafuta. Akasema, "Msimgombeze, ni mtoto." Hakusema tena. Uliporudi na mtungi wako, Shangazi alikuwa ameshamfunika uso kwa leso.

Na bado avokado zilifika sokoni. Hilo pia nimeambiwa.

Nisalimie Shangazi, aliyemshika Mama kichwa mpaka mwisho. Nisalimie Mjomba aliyechimba kaburi. Na yule mchungaji aliyehubiri kwamba ni mapenzi ya Mungu, mwambie si Mungu aliyetia lita moja.

Sasa unaomba nikusamehe, na unataka kuja kunichukua airport nikimaliza mkataba. Mama alisema usigombezwe. Sawa, sikugombezi. Njoo. Jaza tangi, na ubebe ule mtungi ukiwa mtupu. Tukifika pale mlimani utazima gari, ushuke, utembee mpaka ulikonunua mafuta siku ile, halafu urudi. Usiombe lifti. Mimi nitakuwa nimelala kiti cha nyuma, kichwa upande ule Mama aliolaza chake, nikikungoja. Nataka kujua alikungoja kwa muda gani.

Ni mimi dada yako,
Mwikali