Mukono ya Mama Mukwe

Siku ya Mungu, mangaribi

Alinishika mukono mbele ya kanisa yote. Mama mukwe yangu.

Kwetu mwanaume hagusake mama ya bibi yake. Ni heshima. Myaka saba, Odette, bibi yangu, njo alikuwa katikati yetu: yeye njo alikuwa ananiletea sahani, yeye njo alikuwa anapeleka salamu. Odette alipokufa, mama yake alitoka Sandoa kuchunga batoto yetu. Sahani yangu anaiweka ku kiti kidogo, anageuka, anaenda. Mi nangoja kwanza atoke, njo nakula.

Leo ku misa tulikaa benchi moja, tukaacha nafasi katikati, ile ya Odette. Padri akasema tupeane amani. Mi nikainamisha kichwa tu, kama kila mara. Mama akasogea mu ile nafasi, akashika mukono yangu na mikono yake yote mbili.

«Amani ya Bwana, mutoto yangu,» akasema. Kisha: «Mukono yako iko baridi sana.»

Sikusikia kitu mu roho, hata haya ya kuguswa. Niko hivi tangu tumuzike Odette. Nasali, lakini ni mudomo tu njo inasali. Naogopa itabakia hivi.

Tuliporudi ku nyumba, hapa Dilala, akaweka sahani ku kiti kidogo, akageuka, akaenda. Sawa siku zote.

Lakini maji ya kunawa, kila siku baridi, leo ilikuwa ya moto.

Nikaacha mikono mule mpaka bukari ku sahani ikapoa.