Alama za Mkeka

Kyebando, 4 Machi 2024

Daktari Kavugho, mdogo wangu wa hiari,

Salamu nyingi. Natumaini umeamka salama na wagonjwa wa Old Kampala hawakuchoshi. Sisi wazima, ila goti ni lile lile tangu pikipiki ya boda iliponigonga nikiongoza magari Nakasero. Mazoezi nafanya, barafu naweka. Bado kila jioni linavimba, na mkubwa wangu kazini ameanza kuniuliza kama nitaweza kuendelea kusimama barabarani. Ijumaa nitakuja ulitazame. Mama mkwe amefika kutoka Kitgum kukaa nasi, anakusalimu.

Dada yako, Aol

Old Kampala, 11 Machi

Dada Aol,

Pole na kazi, nami sijambo. Ijumaa nilinyamaza kwa sababu watu walikuwa wengi. Kwenye ngozi ya goti lako niliona alama za mkeka, tena zimekolea. Nilikukataza kupiga magoti. Kama ni sala, Mungu anakusikia hata ukiwa umekaa. Kama si sala, niambie. Ile gegedu inayozuia mifupa isisagane imebaki kidogo. Ikiisha, barabarani hutarudi, na nyumbani utatembea kwa fimbo.

Mdogo wako, Kavugho

Old Kampala, 2 Aprili

Dada, hujambo? Watoto je? Hukujibu, na kliniki hukuja. Kama nilikukosea, nisamehe, lakini usilitupe goti kwa sababu yangu.

Mdogo wako

Kyebando, 9 Aprili

Mdogo wangu,

Sijambo kidogo. Hukunikosea, nilikasirika kwa sababu uliona. Si sala. Kwetu mke humpelekea mama wa mumewe maji ya kunawa akiwa amepiga magoti, na chakula vilevile. Mume wangu Ojera alitaka kumwambia mama yake, nikamkataza. Ningeonekana mke wa mjini aliyepata kisingizio. Usiniandikie cheti cha daktari pia, maana cheti hakijui kumwamkia mama mkwe. Fimbo naiogopa, ila macho yake nayaogopa zaidi.

Dada yako, Aol

Old Kampala, 10 Aprili

Dada yangu,

Asante kwa kuniamini. Cheti siandiki. Hata kwetu Butembo wakwe wapo, usidhani sijui. Lakini mwambie wewe kwa mdomo wako, kabla goti halijamwambia.

Mdogo wako

Kyebando, 29 Aprili

Mdogo wangu mpendwa,

U hali gani? Goti limemwambia.

Nilimpelekea mama mkwe maji, nikapiga magoti, na kuinuka kukanishinda. Mama akashuka kitini anishike, naye akakwama. Tukabaki chini wawili, beseni limepinduka, tumelowa. Nililia kwa aibu, nikamweleza yote. Akasema, "Mimi nilidhani unapenda. Mimi sikupenda hata siku moja, lakini nani angeniuliza?" Akapandisha gauni lake, akanionyesha goti lililovimba kuliko langu. Ojera akatukuta hapo hapo mkekani, akatuinua mmoja mmoja.

Siku hizi namnawisha nikiwa nimekaa kwenye kigoda, mguu nimeunyoosha. Uvimbe umepungua. Ya kazini hayajaamuliwa, na bado nahofu.

Jumanne tunakuja wawili. Usimuulize mbele za watu goti lake limeanza lini kuvimba, maana hata marehemu mumewe hakuwahi kujua. Ukimaliza naye, ndipo unitazame mimi.

Dada yako, Aol