Mjukuu Wangu Alipokuja Kunikamata

Machi 3, mwaka wa arobaini na tatu tangu nitoke kwetu

Mpendwa Shangazi,

Naomba msaada wako, ingawa kwa umri ningeweza kuwa baba yako, na sikutarajia kwamba mtu aliyefundisha historia maisha yake yote angeishia kupeleka mambo ya nyumbani kwake gazetini. Ninaishi na mjukuu wangu, nimemlea mwenyewe tangu mama yake afariki, na sasa yuko mwaka wa mwisho chuoni akisomea haki jinai na kazi ya polisi. Aliponiambia amechagua masomo hayo nilisema, "Vizuri, bibie," nikaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Jumamosi iliyopita alikuwa anajiandaa kwa mtihani wa vitendo, wa kumkamata mtu nyumbani kwake, akanisihi niwe mtuhumiwa. "Babu, kazi yako ni kukaa tu na kubisha kidogo, maana kubisha hujambo." Nikacheka, nikakaa na gazeti langu, yeye akatoka nje na sare yake ya mazoezi, kisha akagonga mlango, si kwa vidole kama siku zote bali kwa ngumi, akasema, "Polisi! Fungua!" na hapo, Shangazi, sijui nikuelezeje, kwa sababu nilijua kabisa kuwa ni yeye, nilimsikia hata akizuia kicheko, lakini mikono yangu haikujua, ikafungua mlango, ikavua mkanda wa suruali, ikachomoa kamba za kiatu kimoja, kisha cha pili, ikamkabidhi vyote, halafu ikachukua nyuma ya mlango ule mfuko ambao siku zote amedhani ni wa nguo za kupeleka kwa fundi, nami nikasimama mbele yake uso ukiangalia ukuta.

"Babu, bado hatujafika huko," alisema huku akicheka. "Kwanza natakiwa nijitambulishe, nikuambie kosa lako."

Nikamjibu, "Afande, naomba tu mumwambie mke wangu mnanipeleka wapi."

Kicheko kikakatika. Akaufungua mfuko: sweta, mswaki, sabuni ambayo haijatolewa kwenye karatasi yake. "Nani alikufundisha hivi?" akauliza. Nikasema ni uzee.

Hajui kwamba nilichukuliwa hivyo hivyo, asubuhi, mbele ya mke wangu na binti yetu mchanga, kwa sababu ya somo moja nililofundisha darasani, kwamba hakuna aliyenitajia kosa, kwamba mke wangu alizunguka kila kituo akiambiwa hawanijui, na kwamba alifariki nikiwa bado ndani. Nilipotoka nilimbeba mtoto, tukavuka mpaka, na habari hiyo sijamsimulia mtu.

Tangu Jumamosi mjukuu wangu hajaenda darasani. Amesema Ijumaa atamwambia mkufunzi kuwa anaacha. "Siwezi, babu. Kila mlango nitakaogonga nitakuona wewe." Moyoni nilifurahi kidogo, kisha nikaona haya. Kamba zangu bado anazo. Natembea viatu vikipwaya. Je, nimwambie yote, naye abebe mzigo usio wake? Au ninyamaze aache, nami nipate usingizi?

Wenzangu wa zamani huniandikia kwamba huko mambo yamebadilika, njoo ujionee. Usinishauri hilo. Sitarudi.

Mwalimu mstaafu

SHANGAZI ANAJIBU:

Shikamoo, Mwalimu. Na pole sana. Barua yako niliianza nikiwa nimesimama, ikabidi nikae. Sasa niache nikugombeze, maana ulijua unamwandikia nani.

Umenyamaza miaka yote hiyo ukidhani unamkinga mtoto. Hukumkinga. Umemwacha ayajue mambo mlangoni, nusunusu, na yeye mwenyewe ndiye aliyegonga. Sasa anaamini ngumi yake ndiyo iliyokuumiza, na wewe unamwambia ni uzee! Mwalimu mzima!

Mwambie kabla ya Ijumaa. Mchana, mezani, chai ikiwa mbele yenu. Mwambie bibi yake alikuwa mtu wa namna gani, alichekaje, alipenda nini. Usimpe kifo chake peke yake. Mwambie wale waliokuja hawakujitambulisha wala hawakutaja kosa. Kisha mkumbushe maneno aliyokuambia akicheka: kwanza natakiwa nijitambulishe, nikuambie kosa lako. Uliyasikia, Mwalimu, au ulikuwa unaangalia ukuta? Laiti asubuhi ile angekuwepo mmoja wa kuyasema, na kusema mnakwenda kituo gani, mke wako angejua pa kukufuata. Mtoto huyo maneno hayo ameshayajua, tena bila kufundishwa na wewe.

Akishasikia yote akaamua kuacha, aache. Maisha ni yake. Ila usifurahi kimyakimya, ataona. Akiamua kuendelea, atafute mtuhumiwa mwingine wa kufanyia mazoezi. Wewe kazi hiyo umeshaifanya.

Habari ya kurudi sikubembelezi. Aliyekuwa anakungoja kule hayupo, najua. Lakini mtu asiye na safari haweki mfuko nyuma ya mlango. Ufungue leo. Sweta iende kabatini, sabuni iende bafuni, itumike. Kisha mwombe mjukuu wako kamba zako, ufunge viatu vizuri, na Ijumaa umsindikize hadi kwenye geti la chuo, iwe anakwenda kusoma au anakwenda kuaga.

Hutarudi, Mwalimu. Basi kaa hapo ulipo.