Zamu ya Mke Mdogo

Kalundu, Uvira
12 Mei 2024

Kwa Maombi, mke mwenzangu mdogo,

Nakusalimu kwa jina la Bwana na kwa wivu wetu wa kila siku. Mimi mwili unasukumika, goti la kushoto tu ndilo linalonihesabia miaka. Je, mama yako Hortense anakohoa bado? Mwambie mama yake amesema anywe tangawizi, vidonge awaachie waliovitengeneza.

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu. Prudence, jirani yangu, ataipiga picha kwa simu yake akutumie huko Stockholm. Yeye anashangaa kwa nini nisiongee tu, sauti ikufikie. Nimemwambia sauti ni ya kugombana, karatasi ni ya kusema kweli. Nawe nijibu kwa kalamu. Padri akijua kwamba mjukuu wangu namwita mke mwenza atatunyima komunyo sote wawili, lakini padri wetu ametoka mbali, utani wa mababu hatuwezi kumfundisha sasa.

Habari yenyewe ni hii. Ziwa limepanda. Mwezi uliopita lilikuwa barabarani, leo limefika kwenye jiwe langu la kufulia. Mjomba wako Zénon amekuja mara nne. Amemaliza vyumba viwili kule mlimani na ananiambia, “Mama, tuende tu. Ile maji haina rafiki.” Nikamuuliza, na baba yako? Akavaa kofia yake akaondoka. Unajua bwana wetu Callixte amelala nyuma ya jikoni, mahali alipopachagua mwenyewe. Toka kaburini hadi majini ni hatua kumi na tisa. Mwaka jana zilikuwa sitini. Nimekaa naye miaka hamsini na miwili, siwezi kumwacha azame peke yake nami niko mlimani nakula bugali.

Usiniambie nawe nihame. Ulipokuwa na miaka mitano ulilala katikati yetu ukisema huyu ni bwana wako, mimi nirudi kwa mama yangu. Nilikuvumilia. Sasa nivumilie na wewe.

Mke mwenzio mkubwa,
Koko Séraphine


Vårby gård, Stockholm
8 Juni 2024

Kwa Koko, bibi yangu na mke mkubwa mwenye maneno,

Jambo sana. Napiga goti kidogo kama mjukuu, kisha nasimama kama mwenzako. Kifua cha mama kimepona, na anasema ni vidonge. Nimeona nikuambie mimi kabla hajajisifu mwenyewe. Goti lako je? Unalikanda au unalitukana tu?

Barua yako niliisoma kwenye treni nikitoka kazini, nikapitiliza kituo chetu. Zile hatua kumi na tisa zimeniingia. Sitakuambia uhame. Leo sitakuambia.

Nimepewa likizo ya wiki nne. Wenzangu wanakwenda kusini kwenye mchanga, au wanapanda ndege. Mimi nakwenda kaskazini, kwenye pwani ambayo hata watu wengi wa Stockholm wanaijua kwa jina tu. Aliyenituma ni bibi mmoja kati ya wazee ninaowatunza, anaitwa Gunborg, ana miaka tisini na mmoja. Namwogesha kila asubuhi, namchania nywele, naye ananisimulia kijiji chao. Juzi alinichorea ramani nyuma ya bahasha. Anataka nimwangalilie banda la mashua la baba yake, kama bado limesimama. Nilimuuliza kwa nini asimpigie mtu wa huko simu. Akasema hakuna mtu wa huko anayemjua tena.

Nitakuandikia yote nitakayoyaona.

Mjukuu wako na mwenzio,
Maombi


Pwani ya Ångermanland
2 Julai 2024

Koko mpenzi,

Nakusalimu kutoka mahali ambapo jua halitaki kwenda nyumbani. Mimi mzima, isipokuwa pua imebabuka kwa jua. Ninyi wa huko mko salama? Maji yamesema nini?

Nilipanda treni, nikapanda basi, kisha nikatembea. Niliposhuka kwenye basi nilisimama barabarani nikasahau begi langu ndani, ikabidi dereva anikimbilie. Koko, hapa milima inashuka moja kwa moja majini kama kwetu. Ukiondoa misonobari na huu upepo wa baridi, ungeapa ni Uvira, na ungetafuta Burundi ng'ambo. Sikuiona Burundi. Niliona visiwa, na nyuma ya visiwa visiwa vingine, vyote vya buluu. Bahari yao haina chumvi ya kutosha hata kukoleza maharagwe, nimeionja.

Kijiji kina nyumba kumi na moja na watu wasemao kidogo. Siku hazina mwisho. Jua linajificha kidogo, kisha linabadili nia. Nalala nikichoka, naamka nikisikia njaa, na sijui tena kama leo ni Jumanne au Alhamisi. Sijapumzika hivi tangu nilipokuwa mtoto mgongoni kwako.

Nisikilize sasa. Niliingia msituni, mbali na bahari, nikapanda mpaka pumzi ikakata. Juu huko nikakuta uwanja mzima wa mawe ya mviringo, laini, kama yale tunayookota Kalundu kusugulia miguu. Katikati ya msitu. Nikavua viatu nikatembea juu yake polepole, kwa adabu, sijui kwa nini. Mzee mmoja aliyekuwa anachuma matunda akaniambia hapo ndipo palipokuwa ufukwe. Zamani sana barafu nene iliikalia nchi hii ikaididimiza, na tangu ilipoyeyuka nchi inainuka tena. Bado inainuka hata leo, taratibu, na bahari inawaachia watu ardhi.

Nikaenda kulitafuta banda. Kwenye ramani ya Gunborg limechorwa miguu yake ikiwa majini. Nikazunguka ufukwe wote, sikuliona. Nilipogeuka nikalikuta nyuma yangu, kwenye majani, maua ya njano yamefika mlangoni, hatua arobaini kutoka kwenye maji. Limesimama wima na linaitazama bahari iliyoondoka. Nilikaa mlangoni pale mchana kutwa nisifanye lolote. Nilimfikiria mume wetu, na sikuwa na huzuni.

Mwenzio mdogo,
Maombi


Kalundu
19 Julai 2024

Maombi wangu,

Amani kwako na kwa mama yako. Mimi nimenenepa kwa furaha, goti limekaa kimya wiki nzima. Pua yako ipake mafuta ya mawese.

Barua yako nimeisoma mara tano, kisha nikawasomea wengine uwanjani, na Zénon nikamkalisha mbele kabisa. Umeniletea neno la Mungu bila kujua. Kama bahari nzima inaweza kuwaachia Wazungu ardhi yao, ziwa letu litashindwaje? Na limeshaanza. Tangu kiangazi kiingie limerudi nyuma hatua nne. Leo ni hatua ishirini na tatu toka kwa Callixte, nimepima mwenyewe asubuhi. Zénon alipotaka kujibu nilimwonyesha karatasi: mtoto wa dada yako amekwenda, ameona kwa macho yake.

Kwa hiyo nimeamua. Sihami. Nitasubiri maji yamalize kuondoka, kisha nitapanda mihogo ya sombe pale yalipokuwa. Usemi ni wa kale, subira yavuta heri. Nimemwagiza hata Prudence asifunge mizigo yake.

Endelea kuniandikia habari za huko. Nikizisoma nalala vizuri.

Mke mkubwa asiyeondoka,
Koko


Vårby gård
30 Julai 2024

Koko wangu mpendwa,

Nakusalimu nikiwa na aibu. Afya ninayo, moyo ndio haujatulia.

Nimekosa, Koko. Nilikuandikia kama mtu anayeota, nikasahau kukuambia nchi ile inainuka kiasi gani. Kwa mwaka mmoja inainuka kama upana wa ukucha wa kidole kidogo. Hatua arobaini zile ni maisha mazima ya Gunborg. Na ziwa letu halirudi nyuma kwa sababu hiyo. Limerudi kwa sababu ni kiangazi. Mwezi wa kumi na moja mvua ikishika, litarudi, na unajua kuliko mimi.

Nilipomweleza Gunborg kwamba banda limesimama, alishika mkono wangu muda mrefu. Kisha akanieleza jambo ambalo sikulijua nilipokuwa kule. Mabanda yale hujengwa kwa magogo yenye alama zilizochongwa, ili yafunguliwe na kujengwa tena. Babu yake alilifungua akalisogeza. Baba yake akalifungua akalisogeza. Safari ya tatu hakubaki kijana wa kulibeba, wote wameshuka Stockholm, ndiyo maana liko kwenye majani. Wao walikuwa wanayafuata maji na sisi tunayakimbia, lakini kote ni watu waliosogea, Koko. Maji hayakumhurumia mtu.

Nakuomba. Nenda kwa mjomba kabla ya mvua.

Mjukuu wako,
Maombi


Kalundu
11 Agosti 2024

Maombi,

Salamu. Sote wazima.

Hilo banda halikuwa na mtu aliyelala ndani yake.

Usiniandikie tena habari ya kuhama.

Koko wako


Vårby gård
6 Oktoba 2024

Kwa Mama Séraphine, mke mkubwa wa Callixte,

Nakusalimu kwa heshima yote anayostahili mkubwa. Mimi ni mzima. Mwezi wa tisa nimekuandikia mara mbili na hukujibu. Prudence ananiambia unakula, unasali, na umenuna. Ananiambia pia kwamba mvua zimeanza mapema na hatua zimebaki kumi na nne.

Kosa langu ni kwamba nilikuandikia kama mjukuu. Leo nakuandikia kama mke mwenza, na mama asiisome barua hii.

Mwanaume mwenye wake wawili huenda kwa zamu. Wewe umekaa naye miaka hamsini na miwili akiwa hai, na mingine sita akiwa udongoni. Mimi aliniita mkewe kabla sijaota meno, na mpaka leo sijapewa zamu hata ya siku moja. Nilinyamaza kwa sababu sikuwa na nyumba. Sasa ninayo. Nimemwomba mjomba Zénon chumba cha mbele kule mlimani kiwe changu, amekubali, na chini ya dirisha amenipa mahali pa kumlaza.

Namtaka bwana wangu. Udongo wa kaburi lake, ambao ndio yeye sasa, utolewe makarai matatu, kichwani, kifuani na miguuni, na uutoe wewe kwa mkono wako, kwa sababu ni mkubwa ndiye anayemkabidhi mume kwa mdogo. Hakuna mtu mwingine mwenye ruhusa ya kumgusa, hata Zénon. Na simwombi kwa upole. Nadai. Mke mkubwa anayeshikilia zamu ya mwenziwe anaitwa mchoyo, na hilo ulinifundisha mwenyewe.

Nimelia nikiandika. Lakini wake wenza hulia, usijali.

Mke mdogo,
Maombi


Mlimani, Uvira
24 Novemba 2024

Kwa Maombi, mwenye nyumba,

Nakusalimu kutoka chumbani kwako. Nimepanda mlima kwa siku moja ambayo goti halitanisamehe, lakini nimefika na niko mzima. Wewe na mama yako mko wazima? Kwenu theluji imeanza?

Barua yako ilinichekesha mpaka Prudence akadhani nimepatwa na ugonjwa. Kisha sikula siku nzima. Mchoyo, mimi? Niliyemgawia jirani kila kitu isipokuwa ndoa? Nilizunguka kaburi lile nikikujibu kwa sauti, na majibu yote yalikuwa mazuri, ila hakuna hata moja lililosema kwamba zamu si yako.

Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa kumi nilichimba. Makarai matatu, kama ulivyosema. Nikayafunika kwa kitenge changu cha harusi. Zénon alibeba mawili, lile la udongo wa kichwani nililibeba mimi. Katekista aliongoza sala, wala hakuuliza maswali. Callixte sasa amelala chini ya dirisha lako, na usiku wa kwanza sikupata usingizi kwa wivu.

Siku ya nane Prudence alipanda huku anakimbia, mizigo kichwani, akaniambia, “Koko, jikoni iko inaenda.” Tukasimama ukingoni tukatazama. Ukuta ulilala taratibu. Kisha maji yakafunika uwanja wote, yakatulia, yakang'aa, na mawingu yakapita juu yake kama yanapita mahali pa kawaida. Palikuwa pazuri, Maombi. Nilikasirika kuona ni pazuri, nikalia, kisha nikaendelea kutazama mpaka jua likazama.

Nataka ujue kitu kimoja. Zénon, mama yako, padri, wale vijana wa msaada wenye fulana, wote walitaka kuniokoa mimi. Nawashukuru, hakuna aliyenikosea. Lakini kila mmoja aliponiambia nijiokoe nilisikia kwamba Callixte wamekwisha kumwacha. Wewe peke yako ndiye uliyemtaka yeye. Ndipo miguu yangu ilipokubali kuondoka.

Sasa nakudai na mimi. Zamu ina siku zake, na wewe hukuandika ni siku ngapi. Amekuwa kwako karibu mwezi mzima na mwenye nyumba hayupo. Njoo umpokee bwana wako, kabla sijamzoea tena huku juu na kukunyima.

Mgeni wako,
Koko Séraphine