Rafiki Yangu Aligeuza Mgongo, Nikamwambia Ilikuwa Penalti

Mpendwa Bi Nessa,

Sijui kama ninakuomba msaada au ninaungama, ila najua nisipomwambia mtu wiki hii nitapasuka, na mke wangu Ina nimeshindwa kumwambia kwa sababu yeye akicheka hucheka mpaka nyumba ya tatu wasikie, kwa hiyo nimekuja kwako na nakuomba usichapishe jina langu.

Mimi ni shabiki wa Inverdour Vale tangu nikibebwa mabegani, sasa nina miaka hamsini na nane, na kwa miaka thelathini na mmoja nimesimama mahali pamoja nyuma ya goli la upande wa bahari na rafiki yangu Rab, na kama unawajua mashabiki wa Vale basi unajua kwamba sisi mpira hatuutazami tu, tunaujadili, basi la mashabiki linakwenda tukijadili na kurudi tukijadili, na marefa huwa tunawahifadhi kwa safari ya kurudi.

"Kipa wetu anaupisha mpira kwa adabu zote," Rab husema, "utadhani mkwewe anapita mlangoni."

"Na winga je?"

"Winga anakimbia vizuri, nani kakataa? Tatizo mpira anausahau nyuma."

Sasa Rab ana desturi yake moja ambayo mji mzima unaijua, kwamba dakika tano za mwisho za mechi hawezi kutazama, moyo wake haustahimili, basi ikifika dakika ya themanini na tano anageuza mgongo, anautazama ukuta wa choo, ananiambia, "Haya Eck, nisimulie," nami namsimulia, nani ana mpira, nani kapoteza, kona ya nani, na hivyo ndivyo tulivyoishi miaka yote hiyo, Rab hajawahi kuona kwa macho yake goli hata moja la dakika za mwisho, yote ameyaona kwa mdomo wangu, na hajawahi kunishuku hata mara moja.

Misimu miwili iliyopita tulicheza na Kirkmarnan mechi ya mwisho, tukishinda tunapanda daraja, na mchana ule ukungu wa bahari ulikuwa umeingia uwanjani kiasi kwamba jukwaa la upande wa pili lilikuwa sauti tu, na kamera ya klabu juu ya paa ilirekodi weupe mtupu, na dakika ya themanini na nane, bila kwa bila, mshambuliaji wetu Kerr Lumsden akaingia na mpira eneo la hatari, mbele yangu kabisa, hatua kumi hivi, wenzetu wengine baridi imeshawakimbizia chini ya paa, Rab kanipa mgongo, mimi nasimulia, na hapo hapo nusu ya pai ya nyama niliyoiweka mfukoni tangu mapumziko ikaniponyoka ikaangukia kiatu, nikainama. Sekunde tatu, Bi Nessa. Labda nne. Nikasikia uwanja mzima unanguruma, nikainuka, Lumsden yuko chini, beki wao kainua mikono, na Rab anapiga kelele ukutani, "Nini? Eck, nini? Sema!" nami nikasema, "Kamkata! Kamkata mguu! Penalti!" na sijui kwa nini nilisema vile badala ya kusema nilikuwa chini, ila mtu akikuuliza nini kimetokea siku kama ile huwezi kumjibu "pai".

Refa, Bwana Petrie, akaashiria mchezo uendelee, mechi ikaisha bila kwa bila, tukabaki tulipokuwa.

Ningeweza kusema palepale. Lakini ndani ya baa ya klabu watu walikuwa wameshanizunguka, kila mmoja anauliza, "Eck, wewe ulikuwa karibu, uliona?" na Rab ananijibia, "Aliona! Kamkata mguu, tena wa kulia!" na mguu wa kulia sikuutaja mimi, aliuongeza yeye, nami nikaitikia kwa kichwa. Kisha akaingia Tam, kaka yake Rab, ambaye husimama pembeni karibu na benchi letu, akasema yeye kwa alivyoona Lumsden alijiangusha.

"Kutoka kule? Kwenye ukungu ule?" Rab akamwambia. "Angepita ng'ombe usingemwona."

"Angalau mimi nilikuwa nimeelekeza uso uwanjani, mdogo wangu. Wewe huna macho yako, una ya Eck."

"Macho ya Eck yananitosha. Tangu lini wewe ukamwita Eck mwongo mbele ya watu?"

"Sijamwita mwongo. Nimesema amekosea."

"Ni yale yale!"

Wakaanza kutupiana maneno ya tangu utotoni, ya baiskeli, ya nani alimwuguza mama yao na nani alikuja na maua tu, na tangu siku ile hawajasemezana, mwaka wa pili sasa, Tam anakwenda mechi za ugenini kwa treni, na kwenye harusi ya binti wa dada yao walikaa meza mbili tofauti na watoto wakawa wanapeleka chumvi. Ina alinipa methali, akasema ndugu wakigombana wewe chukua jembe ukalime, nami nikaishikilia ile methali kwa mikono miwili maana ilinifaa. Huku kwenye basi tukamtungia Petrie wimbo, na ubeti wa pili unanitaja mimi na macho yangu.

Sasa sikiliza ninavyochanganyikiwa. Hadithi hii nimeisimulia mara nyingi mno hata sasa ninaiona, Bi Nessa, naapa ninaiona, kiatu cheusi cha beki kinagonga ugoko wa Lumsden na soksi inashuka, naiona wazi kuliko siku yangu ya harusi, halafu papo hapo nakumbuka mchuzi wa pai kwenye kamba za kiatu changu, na haviwezi kuwa vyote viwili, sikuweza kuwa juu na chini kwa wakati mmoja. Nikaamua nimwulize mwenye mguu. Lumsden siku hizi kaacha Vale na anafanya kazi kwenye duka la matairi, nikaenda nikamwambia, "Kijana, niambie ukweli, alikukata?"

Akacheka. "Mzee Eck, unaniuliza mimi? Nilikuwa nakimbia, mara naona nyasi. Hata mimi sikuwa na hakika, mpaka niliposikia wewe umeona. Basi nikajua nilikatwa."

Nikamshukuru, nikarudi nyumbani.

Na ningeendelea kunyamaza, lakini Tam anaumwa moyo, anapasuliwa hospitalini Dundee Jumanne tarehe kumi na nne, na madaktari hawakumficha kwamba ni jambo zito. Mkewe Elspeth alimwendea Rab, Rab akalia, akasema atakwenda hata kwa magoti, ila Tam akubali kwanza kwamba ilikuwa penalti, haombi kingine. Elspeth akampelekea Tam neno hilo, na Tam naye akasema, "Mlete Eck hapa. Anitazame usoni aniambie aliona. Akisema aliona, nitakubali, yaishe, nimwone ndugu yangu."

Kwa hiyo ninatakiwa niende. Nikisema niliona, ndugu wawili wanapatana siku hiyo hiyo, na mgonjwa anaingia chumba cha upasuaji na amani, tena labda hata si uongo, maana labda kweli alikatwa, nani ajuaye? Nikisema sikuona, Tam atajua kwamba ndugu yake alimsusa miaka miwili bila sababu, Rab ataaibika asiweze kwenda kabisa, nami nitampoteza rafiki wa maisha, na ule wimbo sijui watauimbaje. Elspeth ananipigia simu kila siku, ninamwambia nina mafua. Je, uongo unaopatanisha si bora kuliko ukweli unaotenganisha? Na je, ni uongo, kama ninauona? Ilikuwa penalti au haikuwa? Nisaidie, kichwa changu kimekuwa ukungu mtupu.

Mimi niliyechanganyikiwa,
Inverdour.

BI NESSA ANAJIBU:

Bwana wewe,

Barua yako ilikuwa kurasa sita. Nimeondoa mbili zilizomhusu kipa, na majina nimeyabadilisha yote. Mpira siujui wala sina haja ya kuujua, na hiyo ni bahati yako, maana ningeujua ningeingia nami kwenye mabishano ya ugoko wa Lumsden na Jumanne ingetukuta humo.

Kwanza pole, na ninaisema kwa dhati. Kosa la kwanza lingempata yeyote. Mtu kashtuka, kaulizwa kwa kelele, kasema lililomjia mdomoni. Lakini hilo lilikuwa kosa la sekunde nne, na baada yake ulipewa miaka miwili ya kulirekebisha, na katika miaka hiyo ulifanya nini? Ulipanda basi ukaimba. Mzee wa miaka hamsini na nane unaimba ubeti unaosifu macho yako mwenyewe! Yule refa wa watu mmemtukana kila Jumamosi, naye ndiye pekee kwenye goli lile aliyekuwa anatazama.

Unaniuliza ilikuwa penalti au haikuwa. Hujui. Aliyeanguka hajui. Mimi nitajuaje? Na hicho kiatu cheusi unachokiona hakikutoka uwanjani, kimetoka kinywani mwako, umekisimulia mpaka umejisadikisha. Si wewe wa kwanza. Mimi kwa miaka mingi niliwasimulia watu jinsi mama mkwe alivyoninunia siku ya harusi yangu, uso mzima naukumbuka, mpaka dada yangu akanikumbusha kwamba mama mkwe hakuja harusini. Tulicheka, kisha nikaona aibu, kisha nikaenda kumsalimia bibi wa watu. Unachokijua kwa hakika ni kimoja tu, kwamba uliinama. Basi shika hicho.

Methali ya mkeo ni nzuri, ila haikutungwa kwa ajili ya mtu aliyewagombanisha hao ndugu. Na hili ndilo hukulielewa katika kurasa zako zote sita: Rab hagombani na kaka yake kwa ajili ya penalti. Anagombana naye kwa ajili yako. Alisimama akaupa uwanja mgongo akakuamini wewe, na kaka yake aliposema umekosea, akakutetea, na mpaka leo anakutetea, na bei ya kukutetea ni ndugu yake wa tumbo moja. Hawezi kuacha, kwa sababu akiacha atakuwa amekuita mwongo. Wewe peke yako ndiye unayeweza kumfungua. Unasema ataaibika asiende. Ataaibika, ndiyo, na atakukasirikia vibaya sana, lakini hatakuwa tena na kitu cha kumdai Tam, na mtu aliyelia mbele ya shemeji yake hana safari ndefu iliyobaki.

Kumpelekea Tam uongo usithubutu. Mtu anayeingia chumba cha upasuaji habebeshwi uongo wa kwenda nao. Akifa, Rab atakuwa amemlazimisha kaka yake kukiri kwa ushahidi usiokuwepo, na siku moja atalijua, maana njia ya mwongo ni fupi. Akipona, utamtazama usoni kila wiki. Hebu niambie lipi kati ya hayo mawili unaliweza.

Sasa fanya hivi. Anza kwa Rab, si kwa Tam, kwa sababu aliyedanganywa ni Rab. Nenda nyumbani kwake, si kwenye basi wala baa, na usinywe hata tone. Mwambie, "Rab, nilikuwa nimeinama. Sikuona." Ukimaliza hapo, nyamaza. Usimwambie haikuwa penalti, kwa sababu hilo nalo hujui, na utakuwa umetoka uongo mmoja ukaingia mwingine. Usimweleze habari za kumbukumbu na soksi zinazoshuka. Akitukana, pokea. Akikufukuza, toka, lakini kaa ndani ya gari lako nje ya nyumba yake na injini ikiwa imezimwa, kwa sababu akimaliza kutukana atahitaji mtu wa kumpeleka kwa kaka yake, naye katika hali ile hafai kushika usukani. Mkifika kwa Tam, rudia maneno yale yale mbele yake, kisha nenda jikoni kwa Elspeth ukamsaidie vyombo. Usikae chumbani nao. Nakujua sasa, utaanza kusimulia.

Wimbo waambie wauache. Watakucheka msimu mzima, na wewe utacheka nao.

Mwisho, uliomba nisichapishe jina lako na sijachapisha. Lakini Inverdour ni mji mdogo, na hakuna mwanamume mwingine anayeutazama ukuta wa choo dakika tano za mwisho. Rab atajijua kabla hajafika nusu ya ukurasa huu. Nilifikiria kuikalia barua yako mpaka Jumanne ipite, nikaona nitakuwa nakusaidia kuchelewa, na umeshachelewa vya kutosha bila msaada wangu. Nakala ya jibu hili nimekutumia kwa posta Jumatatu, ili upate muda wa kupiga hodi. Alhamisi saa moja asubuhi, siku tano kabla ya upasuaji, gazeti linafika madukani, na Rab ni msomaji wangu wa siku nyingi. Ama atasikia kwako, ama atasoma kwangu.