Gia Iliyobaki Mwanza

Keroka, Alhamisi, Februari 1977

Wamefunga mpaka, na gia yangu iko Mwanza! Mwaka mzima mimi na Marwa, mwalimu wa ufundi kule, tumekuwa tukiunda mashine yetu ya kupukuchua mahindi. Mimi fremu na pipa, yeye gia, kwa sababu tanuri la kukaza chuma liko chuoni kwake. Tukapeana mkono kwamba hakuna atakayegusa sehemu ya mwenzake.

Jumatatu wakulima wa Nyansiongo wanakuja kuijaribu. Isipofanya kazi, watanunua ya Ulaya.

Mke wangu anasema, "Baba Kemunto, kata gia yako. Kwani wewe ndiye uliyefunga mpaka?"

"Na Marwa akisikia?"

"Atasikiaje, na hata basi haliendi?"

Nimeikata, kwa hasira. Chuma chenyewe ni laini. Nimepiga hesabu, magunia themanini tu na meno yote yatakuwa yamelika. Halafu watatulaani sote wawili, naye Marwa hata hajui.

Nimeitupa kwenye vyuma chakavu. Jumatatu nitazungusha pipa kwa mkono, polepole, niwaambie gia iko kwa nani. Wacheke wakitaka.