Mama Alisimama Kuwasalimu

Bweranyange,
9 Agosti 1988

Kaka yangu mpendwa Anastazi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe, wifi na watoto. Sisi huku tunapumua. Kahawa imezaa, migomba kibanjani imesimama licha ya upepo wa juzi, na mama anakusalimu sana.

Barua yako niliisoma mara mbili, na mara zote mbili nilikasirika. Umeuliza kwa nini hatumpeleki mama kliniki ya kisukari Nyakahanga kila mwezi kama muuguzi alivyoagiza, kana kwamba hospitali iko nyuma ya jiko. Nisamehe, wewe ni mkubwa wangu, lakini huko Mwanza umeisahau milima yetu. Mume wangu Hategekimana alimpakia kwenye baiskeli. Mteremkoni wakaanguka wote wawili, kidonda cha unyayoni kikafumuka upya. Tangu siku hiyo mama hataki hata kuiona ile baiskeli.

Ikabaki engozi. Bila shaka unaikumbuka, ile machela ya mianzi ya chama chetu cha kubeba wagonjwa, ambayo marehemu baba aliibeba mpaka bega likaota sugu. Nilikwenda kwa mwenyekiti, Mzee Sebahire, nikamwomba siku za kliniki wambebe mama mpaka barabara kuu, apate lori. Alinisikiliza kwa upole, akanipa kahawa ya kutafuna, kisha akaniambia kwamba engozi ni ya mtu asiyeweza kusimama. Alisema wanaume wakiacha mashamba msimu huu kumbeba mtu anayekwenda jikoni kwa miguu yake, kesho kila mwenye mafua atataka kubebwa. Tena akauliza mbona mama mwenyewe halalamiki.

Hapo nilitaka kupasuka. Muuguzi alishatueleza kwamba kisukari huua maumivu mguuni. Mtu hukanyaga msumari asijue, kidonda kikamla ndani kwa ndani huku yeye anacheka na majirani. Nilimweleza Mzee Sebahire hayo yote. Akasema katika maisha yake hajaona mgonjwa mahututi asiyeugulia.

Nikarudi nyumbani nikamsihi mama augulie. Augulie tu kidogo, wapita njia wamsikie. Kaka, unamjua mama yako. Aliniambia kwamba tangu abatizwe hajasema uongo, na hataanza kwa ajili ya mguu.

Basi nikaamua kusema uongo mwenyewe. Asubuhi moja nilimwacha mama kitandani, nikamwomba asitoke, nikakimbia kwa Mzee Sebahire nikilia kwamba mama amezimia. Walikuja mbio na engozi begani, wengine bado wana matope ya shambani. Na mama aliposikia hodi alifanya nini? Aliinuka, akafunga kanga vizuri, akaja mlangoni akasimama kuwasalimu mmoja mmoja, akiwauliza habari za wake zao. Kwake yeye mgeni hapokewi na mtu aliyelala! Waliondoka bila kunitazama. Chama kikatutoza mtungi wa pombe ya ndizi, nami nikawa kichekesho hadi kisimani.

Sasa nikuambie lile ambalo mama amenikataza kukuandikia. Mwezi uliofuata alianguka jikoni, hajitambui, mguu umekuwa mweusi. Nilipopiga yowe walikuja wote, na hakuna aliyenikumbusha uongo wangu. Walimbeba wakipokezana, Mzee Sebahire mwenyewe mbele, na walikimbia njia nzima. Walikimbia, kaka! Wangetembea taratibu tu mwezi mmoja nyuma, kusingekuwa na haja ya kukimbia. Hospitalini waliokoa uhai wake. Mguu wa kulia wameukata chini ya goti.

Nina uchungu, na sijui nimkasirikie nani. Mzee Sebahire alilia mbele yangu, siwezi kumchukia. Lakini nilipoomba kikaoni ile kanuni ibadilishwe, walisema tungoje kahawa iishe. Jirani yetu Kokubanza naye ana kisukari, na kidole chake cha mguu kimeanza kutoa maji. Bado anasimama, kwa hiyo naye anangoja. Mwandikie Mzee Sebahire, tafadhali. Wewe ni mtoto wa kiume wa mtu aliyebeba engozi pamoja naye, atakusikiliza kuliko mimi. Mwandikie leo hii, kumlilia mama utamlilia baadaye.

Kwa upande wa mama sasa hakuna ubishi tena. Siku ya kliniki engozi inafika bila kuitwa, tunawasikia wakiimba tangu huko kwenye migomba. Mama huwapokea ameketi, na kila mara huwaomba radhi kwamba hakusimama.

Hategekimana anakusalimu, na wifi mpe pole zangu kabla hujamsomea barua hii.

Ni mimi mdogo wako,
Kampire